Kitabu cha Mapumziko

Kila Jumatatu asubuhi nililala usingizi wa wiki nzima kwa dakika tatu, wima, kalamu mkononi. Karani wa geti alinisogezea kitabu cha mapumziko kupitia kidirisha chake, kurasa saba za wiki iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza zikiwa zimekwisha kujazwa kwa mwandiko wake wa mviringo: hapa dereva alisimama saa sita mchana, hapa akaondoka saa kumi, hapa akalala saa tatu usiku, hapa akaamka alfajiri. Kazi yangu ilikuwa kutia sahihi mara saba na kuchana nakala zangu za rangi ya waridi. Kisha geti lilifunguliwa, nami nikaingia barabarani nikiwa, kwa mujibu wa karatasi, mtu aliyepumzika kuliko wote duniani.

"Umelala vizuri, Kodo?" karani aliniuliza kila mara, akicheka.

"Kama mtoto mchanga," nilimjibu.

Kodo ndilo jina walilonipa madereva wenzangu, kifupi cha Macho Kodo, kwa kuwa katika miaka ishirini na mitatu ya kuendesha malori hakuna aliyewahi kuniona nikisinzia. Tuliposubiri kushusha mizigo wao walijitupa chini ya matrela, mimi nikakaa juu ya tairi la akiba nikiwatania. Nililipenda jina lile. Nilijivunia, na sioni haya kusema hivyo, maana majivuno ndiyo yaliyonifikisha nilipofika.

Katika kazi yetu kuna neno moja lisilosemwa. Dereva atasema breki zilikataa, tairi lilipasuka, ng'ombe alikatiza, taa za mwenzake zilimpofusha. Hatasema alilala. Aliyewahi kulitamka neno hilo hakupewa gari tena, na hata wenzake walimkwepa kana kwamba usingizi ni upele. Basi tulikunywa kahawa, tukatafuna chochote kilichochachusha mdomo, tukaimba peke yetu ndani ya kabini ya lori, tukafika. Tulipofika tulisifiwa.

Mke wangu pekee ndiye aliyeujua ukweli. Nyumbani nilisinzia kijiko kikiwa katikati ya safari ya kwenda mdomoni. "Macho Kodo!" alisema akiniondolea sahani. "Mimi miaka yote hii hayo macho sijayaona."

Ajali ilitokea siku ya Alhamisi, saa nane mchana. Nilikuwa nimeshika usukani tangu saa tisa ya usiku uliopita, na kabla ya hapo nilikuwa nimesimamia upakiaji wa saruji hadi miguu ikafa ganzi. Barabara ilikuwa imenyooka na jua lilikuwa kali. Nilifungua vioo vyote viwili ili upepo unipige usoni. Nakumbuka kibao kilichoonyesha kwamba mji unaofuata uko mbali kidogo, nikajiambia nitasimama huko. Baada ya kibao kile sikumbuki kitu mpaka nilipofumbua macho, nikaona ukuta wa duka umejaa kioo kizima cha mbele.

Maduka yalikuwa manne, yamepangana kando ya njiapanda, na mbele yake kulikuwa na baraza moja ndefu yenye nguzo. Lori lilikuwa limevuka mtaro, limeng'oa nguzo mbili na kusimama pua ikiwa ukutani. Kwenye baraza ile alikuwa anakaa fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini hivi. Nilimkuta kati ya tairi na ukuta, mguu wake wa kulia ukiwa umeelekea upande ambao mguu hauelekei. Cherehani yake ilikuwa imejikunja. Kitambaa cheusi alichokuwa akishona kilikuwa bado kimeshikwa na sindano.

Watu walipofika mbio, nilipiga kelele, "Breki! Breki zimekataa!" Neno lilinitoka lenyewe, kabla sijafikiri, kama mtu anavyojikinga uso kwa mkono. Askari alipokuja nikalirudia, akaliandika.

Breki zilipimwa zikaonekana nzima. Wiki iliyofuata meneja wa safari aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akanifunulia kitabu cha mapumziko mezani.

"Soma Alhamisi," alisema.

Nikasoma. Saa sita mchana hadi saa kumi: dereva amepumzika kituoni. Kituo chenyewe kilikuwa kilomita themanini nyuma ya yale maduka.

"Unaona balaa hilo? Kwa mujibu wa kitabu chetu, wewe na lori mlikuwa mnapumzika kule, na saa hiyohiyo mnagonga mtu huku. Karani ataandika ukurasa mwingine. Nakala yako iko wapi?"

"Ilipotea kwenye ajali," nilisema.

Ilikuwa ndani ya begi langu, nyumbani. Sijui kwa nini nilimdanganya. Pengine ni mazoea tu, maana tulikuwa tumedanganyana miaka mingi kwa heshima kubwa.

Akanisukumia karatasi nyingine, iliyokwisha pigwa chapa. Ilisema kwamba fundi alikuwa ameweka cherehani yake juu ya lami, na kwamba mimi, kwa kumkwepa, nilipinda usukani, lori likanishinda. "Ajali haina kinga," meneja alisema kwa upole. "Yule mama hatakufa. Wewe una familia, na mimi nakuhitaji barabarani. Tufunike kombe mwanaharamu apite." Nikatia sahihi. Mkono wangu ulikuwa umezoea kutia sahihi mambo ambayo hayakutokea.

Jumamosi moja alasiri, mwezi mmoja baadaye, msichana aliyevaa koti jeusi lililochujuka alibisha hodi nyumbani kwetu. Mke wangu alimkaribisha, akampa kiti, akaenda kumletea maji.

"Shikamoo, baba," mgeni alisema. "Natoka ofisi ya msaada wa kisheria. Mimi ndiye wakili wa yule fundi cherehani."

Mke wangu alisimama na bilauri mkononi. Mimi nilijikaza kisabuni, nikaitikia.

"Kabla hujasema neno," wakili aliendelea, "nikwambie jambo, lisije likakugeuka baadaye. Mimi ni wakili wake yeye, si wako. Ukiniambia lolote nitalitumia kumsaidia yeye, hata kama litakuumiza wewe. Una haki ya kunyamaza. Una haki pia ya kutafuta wakili wako kwanza, na nimekuandikia hapa mahali pa kumpata."

Aliweka kikaratasi mezani. Katika maisha yangu watu wengi wamekuja kunitafutia maneno, askari, wakaguzi, watu wa bima, lakini hakuna aliyewahi kuanza kwa kunikumbusha kwamba naweza kukaa kimya.

"Sasa kama hutaki aseme, umefuata nini?" mke wangu akauliza, kwa ukali wa mtu anayeogopa.

"Nimetumwa, mama. Mteja wangu anaomba kuonana na baba. Nimemshauri asifanye hivyo, hakunisikia. Anasema ana swali moja."

"Swali gani?" nikauliza.

"Hata mimi kakataa kuniambia. Kwenda au kutokwenda ni juu yako. Ila ukienda, uende ukijua hayo niliyokwambia." Akanywa maji yote, akashukuru, akaondoka.

Mke wangu aliinyanyua ile bilauri tupu.

"Utaenda?"

"Niende nikamwambie nini? Nimeshaandika. Cherehani ilikuwa barabarani."

"Mimi nimelala ubavuni mwako miaka ishirini na minane," alisema bila kuniangalia. "Hizo habari za cherehani kawasimulie wengine."

Nilimkasirikia. Nilitoka nje nikazunguka nyumba mara mbili.

Kesho yake mchana nilikwenda. Fundi na mama yake waliishi chumba kimoja nyuma ya ua wenye wapangaji wengi. Mama yake, mwanamke mkavu aliyejifunga kanga kiunoni, alikuwa mlangoni akikunja nguo zilizokauka. Nilimwamkia, nikajitambulisha. Aliniangalia kutoka juu hadi chini, akasogeza magoti kidogo ili nipite, akaendelea kukunja.

Fundi alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani. Mguu wake ulilala juu ya mto ukiwa na vyuma vinne vilivyoingia nyamani na kutokea upande wa pili. Alikuwa akishona vifungo vya shati kwa mkono, mishono midogo iliyolingana, na pembeni yake kulikuwa na mashati mengine matatu yakingoja. Nilipomwona anashona nikajisikia vibaya zaidi kuliko kama ningemkuta analia.

"Shikamoo, baba," alisema.

Salamu ile ilinichoma. Nikaitikia marahaba.

"Nisamehe kwa kukusumbua. Wakili wangu hakupenda. Lakini nimesomewa maneno yako, kwamba cherehani ilikuwa barabarani, na mimi nina jambo linaloniumiza kuliko hivi vyuma." Aliichomeka sindano kwenye shati ili isipotee. "Siku ile nilikuwa nashona kitambaa cheusi kwa uzi mweusi. Chini ya paa sikuwa naona vizuri. Nikaisogeza cherehani mbele, hatua mbili, niupate mwanga. Mama alikuwa ameniletea chai, akanikataza. Akasema, mwanangu, huko ni karibu na magari, utagongwa. Nikamcheka. Akaenda zake."

Mlangoni, mama yake hakuinua kichwa.

"Sikumbuki hatua zile zilinifikisha wapi," fundi alisema. "Nazihesabu kila siku. Mara naona nilikuwa barazani bado, mara naona nilikuwa nimeushuka mtaro. Mama anasema ningemsikiliza, leo ningekuwa natembea. Wewe ulikuwa mbele yangu, ulikuwa unaona. Nataka uniambie. Nilikuwa barabarani kiasi gani?"

Alinyoosha mkono chini ya mto, akatoa karatasi ya kampuni. Niliitambua kwa nembo yake. Ilikuwa hati ya kufuta madai. Akiitia sahihi, wangemlipia dawa za mwezi mmoja, na habari iishie hapo.

"Daktari anasema mguu unataka upasuaji wa pili, mwezi huu, la sivyo mfupa utaunga upande na sitakanyaga cherehani tena. Wakili anasema tukishinda, utafanyika. Lakini mimi, baba, sikulelewa kula cha mtu kwa kosa langu mwenyewe. Kama nilikuwa barabarani, kesho naitia sahihi."

Aliyasema hayo taratibu, bila machozi, na aliniangalia kama mteja anavyomwangalia fundi anayemwamini. Nikaelewa kilichotokea. Uongo nilioutia sahihi ofisini haukubaki ofisini. Ulikuwa umesafiri hadi chumba kile, ukamkuta mtu mwenye dhamiri, ukamwingia. Kampuni ilikuwa na wanasheria na muhuri, lakini aliyekuwa akimshinda mwanamke huyu ni mimi.

"Hukuwa barabarani," nilisema. "Ulikuwa barazani."

Nilitaraji hilo litatosha. Nilitaka litoshe. Ningeweza kuinuka, kuaga, kurudi nyumbani nikiwa nimesema nusu ya kweli, na nusu hiyo ingemsaidia bila kunigusa sana.

"Basi kwa nini uliandika vile?"

Niliyatazama yale mashati matatu.

"Hukuniona?"

"Sikukuona."

"Mchana ule? Na jua lile?" Hakuniuliza kwa hasira. Alikuwa anataka kweli kuelewa. "Mtu mzima na cherehani yake, baba, utakosaje kumwona?"

Nilimkumbuka wakili na kikaratasi chake, nikakumbuka kwamba ninachokisema kitatumika. Nikawakumbuka wenzangu chini ya matrela yao. Nilijua gharama ya neno lile kuliko mtu yeyote katika nyumba ile.

"Nilikuwa nimelala," nikasema.

Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka. Nilidhani nitajisikia mwepesi, kama wanavyosema watu waliotubu. Wala. Nilijisikia mtu aliyevuliwa nguo mbele ya wakwe. Lakini nilikuwa nimeanza, na maji yakimwagika hayazoleki, nikamweleza yote: saa tisa usiku, saruji, kibao, kitabu kinachojazwa Jumatatu kwa ajili ya Alhamisi.

Mlangoni nguo zilikuwa zimeacha kukunjwa.

"Na kama angekaa pale nilipomwambia mimi?" mama akauliza. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Kule nyuma, karibu na ukuta?"

"Ukuta ndio uliolisimamisha lori, mama. Angekuwa nyuma, ningemfuata hukohuko. Angekuwa amekufa."

Mama aliweka chini shuka aliyoishika. Aliingia, akaketi ukingoni mwa kitanda, akawa anatazama mguu wenye vyuma kana kwamba ndiyo kwanza auone.

"Kumbe nimekuonea, mwanangu," alisema. "Mwezi mzima nakuonea."

Binti yake aliichukua hati ya kampuni, akaikunja mara mbili, akamkabidhi mama yake kama kitu kisicho na kazi. Nikaaga. Hakuna aliyenisindikiza, na sikustahili kusindikizwa.

Jumatatu sikwenda getini. Nilikwenda mahali palipoandikwa kwenye kile kikaratasi, nikamkuta wakili mzee mwenye kikohozi, akanihesabia kwa vidole nitakachopoteza: leseni, kazi, na pengine uhuru wangu, maana nitafunguliwa kesi yangu mwenyewe. Aliniuliza mara tatu kama nimeelewa. Mara zote nilimwambia nimeelewa, na mara zote nilikuwa naogopa. Kisha nikatoa begini nakala ya waridi ya ile Alhamisi, nikamwekea mezani. Mke wangu alikuwa amekaa kando yangu. Njia nzima ya kurudi nyumbani alinishika mkono, jambo ambalo hatujazoea kulifanya mbele za watu.

Wakili wa fundi aliomba shauri lisikilizwe haraka kwa sababu ya mguu, na katika wiki ya tatu tuliitwa. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, madirisha yamefunguliwa kwa ajili ya joto. Fundi alikaa benchi la mbele na magongo yake, mama yake ubavuni. Nyuma walijaa madereva wenzangu. Wengine walikuja kuniombea, wengine kuona mtu anayejikata mguu kwa shoka lake. Karani wa geti alikuwapo pia. Hakunitazama.

Nilikula kiapo. Nikaeleza. Nakala yangu ikapokelewa kama kielelezo, ikawekwa kando ya ule ukurasa mpya wa kampuni, na kwa mara ya kwanza watu wasio wa kazi yetu wakaona jinsi tunavyolala. Kisha wakili wa kampuni akasimama. Alikuwa mtu mtanashati, mwenye sauti tamu, naye hakuwa na haraka.

"Shahidi, siku ile ulimwambia askari ni breki. Kampuni ukaiambia ni cherehani. Leo unaiambia mahakama ni usingizi. Kesho litakuwa nini?"

Watu wakacheka kidogo. Nikasema sina lingine.

"Vema. Sasa tusaidie. Mtu aliyelala hajui kwamba amelala. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Kama hajui, hawezi kuapa. Pengine ulikuwa na mawazo tu. Pengine jua lilikupiga machoni. Pengine umemwonea huruma huyu fundi, jambo zuri, lakini huruma si ushahidi. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ndani ya lori." Akanigeukia vizuri. "Umejuaje, shahidi, kwamba ulilala?"

"Kwa sababu niliamka."

"Kishindo kilikushtua. Kishindo humshtua hata aliye macho."

"La, mheshimiwa. Kishindo kilikuja baadaye." Sikuwa nimemwambia mtu habari hiyo, hata mke wangu, hata wakili wangu. Nilikuwa nimeisukuma chini kabisa, na sasa ilikuwa inapanda yenyewe. "Vioo vilikuwa wazi. Nilisikia sauti ya mtu. Hiyo ndiyo iliyoniamsha. Nilipofumbua macho, ukuta ulikuwa umeshafika."

"Sauti ya mtu," wakili alirudia, akitabasamu. "Alisema nini mtu huyo?"

"Alikuwa anamwita mama yake."

Tabasamu lilimwisha. Hakimu aliinama akaandika. Fundi alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Na yule mama, kwenye benchi la mbele, ambaye siku ile saa nane alikuwa nyumbani kwake mbali na njiapanda, aliinua kichwa, akaitika mbele ya mahakama nzima, kwa sauti ya mwanamke aliyeitwa sasa hivi kutoka chumba cha pili.

"Abee," alisema. "Abee, mwanangu."